Je, Wajua? Dirisha Linapovuka Mpaka wa Skrini

Safu hii leo imepiga kambi Busia, mji wenye jina moja na nchi mbili, Kenya na Uganda, na itachungulia Malaba na Tororo kabla ya kurudi. Huku ofisi za mawakala wa forodha zimepangana kama vibanda vya sokoni, na meza nyingi siku hizi zina skrini mbili: ankara ya mteja huku, fomu ya forodha kule. Skrini ya pili ikichomekwa ndipo malalamiko huanza. Maandishi yamekuwa sisimizi. Au yamevimba. Au yana ukungu kama kioo cha lori alfajiri. Mashine mara nyingi ni nzima. Hesabu ndiyo iliyopishana. Tuanze na hesabu hiyo.

KIWANGO CHA LEO

Je, wajua kwamba mbadilisha pesa wa kando ya barabara pale Busia anafanya kazi ileile inayofanywa na kompyuta yako? Mpe shilingi 100 za Kenya, atakuhesabia zaidi ya 2,000 za Uganda. Hujatajirika; tarakimu tu ndizo zilizobadilika. Kompyuta nayo ina kiwango chake, na kwenye Windows kimeandikwa "Scale". Kikiwa 100%, herufi ya pikseli 16 inachorwa kwa pikseli 16. Kikiwa 150%, herufi hiyohiyo inachorwa kwa pikseli 24. Kila skrini inaweza kuwa na kiwango chake. Balaa huja pale programu inapovuka kwenda skrini ya pili huku bado inahesabu kwa kiwango cha ng'ambo.

Je, wajua kwa nini 125% huleta ukungu zaidi kuliko 200%? Kwa 200%, pikseli moja inakuwa mbili, mambo yanaishia hapo. Kwa 125%, pikseli moja inatakiwa iwe moja na robo, na robo ya pikseli haipo duniani, kama vile mbadilisha pesa asivyo na sarafu ya kukata katikati. Programu ya kisasa huchora herufi upya kwa saizi mpya. Ya zamani huvutwa kama picha, na ile robo iliyobaki hupakwa rangi ya katikati. Jicho linaiona kama ukungu.

Je, wajua kwamba 100% ya Windows maana yake ni nukta 96 kwa inchi? Basi 125% ni nukta 120, 150% ni 144, na 200% ni 192. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilitumia 72, kwa sababu wapiga chapa hugawa inchi moja katika pointi 72, na pointi moja ikawa pikseli moja. Microsoft waliongeza theluthi, kwa hoja kwamba mtu hukaa mbali na skrini kuliko anavyoishika karatasi.

Je, wajua kwamba zile skrini za umbo la karibu mraba za inchi 17, zenye pikseli 1280 kwa 1024, zina nukta 96 kwa inchi karibu kamili? Hiyo ndiyo sababu zama zile hakuna aliyesikia habari za ukuzaji. Zilikuwa zimeshonwa kwa kipimo.

Je, wajua kwamba laptopu ya inchi 15.6 na skrini ya mezani ya inchi 24 zinaweza kuwa na pikseli idadi ileile, 1920 kwa 1080? Ya kwanza imezibana: nukta 141 kwa inchi. Ya pili imezitawanya: nukta 92. Runinga ya inchi 32 yenye pikseli 1366 kwa 768 haifiki hata 50. Herufi moja, bila ukuzaji wowote, itaonekana kwenye runinga hiyo ikiwa kubwa karibu mara tatu ya ilivyo kwenye laptopu.

Je, wajua kwamba unaweza kuipata hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu? Zidisha upana wa pikseli kwa wenyewe, kimo kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa kwa inchi za mshazari. Ni kanuni ya Pythagoras ileile ya darasani.

Je, wajua kwamba neno "pikseli" lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965? Aliyelitumia ni Fred Billingsley wa maabara ya JPL huko Marekani, akizungumzia picha zilizotumwa na vyombo vya angani. Leo linatamkwa na kijana wa saiba pale stendi.

KARATASI HAIDANGANYI

Je, wajua kwamba kifaa bora cha kupimia ukuzaji kiko tayari mezani kwako? Ni karatasi ya A4. Fungua waraka wa Word, ukuzaji wa ukurasa wenyewe uweke 100%, kisha egemeza karatasi yenyewe juu ya kioo. Karatasi ina upana wa milimita 210. Kwenye laptopu ya inchi 15.6 tuliyoitaja, "Scale" ikiwa 125%, ukurasa wa kwenye kioo utatoka milimita 178: umesinyaa. Panda hadi 150% na utatoka 214. Kwenye skrini ya inchi 24 iliyoachwa 100%, utatoka karibu 220. Kwa hiyo 150% huku na 100% kule ni ndugu, wakati 125% huku na 100% kule ni majirani wasiosalimiana.

Je, wajua kwamba kuweka tarakimu moja kwenye skrini zote mbili, kosa wanalofanya wengi, ndiko kunakoharibu? Mtu huona 150% na 100%, akadhani ni hitilafu, akazisawazisha. Kinachotakiwa kulingana ni ukubwa unaouona kwa macho. Mwenye 100 za Kenya na mwenye 100 za Uganda wana pesa zenye tarakimu sawa, lakini dukani hawatatoka na bidhaa sawa.

Je, wajua kwamba umbali nao unahesabika? Mwamba wa Tororo una kilele cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa mjini chini yake unakuziba anga. Ukiwa kwenye foleni ya malori Malaba ni kidole tu kwenye upeo. Skrini ya pili nayo husukumwa nyuma, kando ya faili na kikombe cha chai, halafu mwenyewe analalamika maandishi ni madogo. Ivute kwanza. Ikifika urefu wa mkono mmoja kutoka machoni, ndipo ugusie tarakimu.

BARUA YA UTAMBULISHO

Je, wajua kwamba skrini ikichomekwa huitumia kompyuta barua ya kujitambulisha? Kiwango chake kinaitwa EDID, kilitoka mwaka 1994, na sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu. Ujumbe mfupi wa simu hubeba baiti 140. Ndani ya nafasi ndogo kuliko SMS, skrini inataja aliyeitengeneza, pikseli inazozipenda, na upana na kimo chake kwa sentimita. Windows husoma sentimita hizo na kupendekeza ukuzaji wa kuanzia.

Je, wajua kwamba projekta huruhusiwa kuandika sifuri mahali pa ukubwa? Haijui ukuta utakuwa umbali gani. Baadhi ya runinga za bei nafuu nazo hutoa vipimo visivyo vyao. Kompyuta ikipata sifuri au uongo, inakisia, na ukisiaji ndio unaokuletea herufi za bango la kampeni kwenye mkutano wa watu sita.

Je, wajua kwamba plagi ya VGA, ile ya skrubu mbili pembeni, ilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987? Ina pini 15 katika safu tatu za tano tano. Barua ya utambulisho hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Pini hizo zikipinda au kukatika, picha bado itaonekana na rangi zitakuwepo, lakini kompyuta haitajua inazungumza na nani. Itaiita skrini ya kawaida isiyo na jina na mara nyingi kuishushia pikseli 1024 kwa 768. Picha inavutwa, duara linakuwa yai. Kabla hujalaumu Windows, chomoa plagi uitazame usoni.

Je, wajua kwamba vigeuzi vya HDMI kwenda VGA na vigawanyio vya bei ya kutupa huweza kuizuia barua hiyo, hata kebo ikiwa mpya? Jaribio ni rahisi: ondoa kigeuzi, tumia kebo moja ya moja kwa moja. Tatizo likitoweka, umempata mhalifu.

Je, wajua kwamba kuna kipimo cha pili kinachochanganywa na ukuzaji kila siku? Ni idadi ya pikseli, kwenye Windows "Display resolution". Maandishi yakiwa madogo, wengi hushusha hii. Yanakuwa makubwa kweli, ila kila kitu kinapata ukungu, kwa sababu kioo kimeumbwa na pikseli 1920 na wewe umeamuru kitumie 1280. Iache pale palipoandikwa "Recommended", kisha kuza kwa "Scale".

PROGRAMU ZISIZOSOMA KIBAO

Je, wajua kwamba Windows Vista ya mwaka 2007 ndiyo iliyoanza kuzivuta kama picha programu zisizojua ukuzaji? Programu iliambiwa, "Chora kama kawaida, kwa nukta 96," kisha mfumo ukaikuza baadaye. Ilisaidia macho, ikaleta ukungu, na ukungu huo haujatuacha hadi leo.

Je, wajua kwamba hadi Oktoba 2013, Windows ilikuwa na kiwango kimoja cha ukuzaji kwa skrini zote? Windows 8.1 ndiyo iliyoruhusu kila skrini iwe na chake. Aprili 2017, toleo la 1703 la Windows 10 likawapa watengenezaji wa programu njia bora ya kubadilika papo kwa papo dirisha linapovuka. Mwaka uliofuata, toleo la 1803 likaongeza swichi ya kuirekebisha programu yenye ukungu. Ukiwa na programu iliyotengenezwa kabla ya miaka hiyo, unasafiri na abiria asiyesoma vibao vya barabarani.

Je, wajua kwamba ASYCUDA World, mfumo wa forodha unaotumika upande wa Uganda, umejengwa kwa lugha ya Java? ASYCUDA ni kazi ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, iliyoanza mwaka 1981 kwa ajili ya nchi za Afrika Magharibi. Upande wa Kenya, mfumo wa forodha wa iCMS hufunguliwa kwenye kivinjari. Wakala mmoja, nchi mbili, na programu mbili za tabia tofauti kwenye meza moja.

Je, wajua kwamba tabia hizo mbili hutibiwa kwa dawa mbili? Ukurasa wa kivinjari hukuzwa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, na kurudishwa 100% kwa Ctrl na 0. Lakini Chrome hukumbuka ukuzaji kwa kila tovuti, bila kujali uko skrini gani. Ukikuza tovuti ukiwa kwenye laptopu, ukalihamisha dirisha kwenda skrini ya inchi 24, ukuzaji huo utakufuata. Watu wamewahi kubadilisha kebo kwa kosa la Ctrl.

Je, wajua kwamba programu za Java za toleo la 8 na kurudi nyuma huiambia Windows kuwa zinajua ukuzaji, ilhali hazijui? Windows huziamini na kuziacha, nazo huchora vitufe vya ukubwa wa punje za mtama. Java 9 ya Septemba 2017 ndiyo iliyojifunza kukuza sawasawa.

Hili nililiona kwa macho yangu, Busia upande wa Kenya, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama foleni ya malori. Dada mmoja wakala alikuwa na laptopu mpya na skrini ya pili aliyoiazima.

"Fundi, hii fomu nilikuwa naisoma vizuri jana. Leo imekuwa vumbi."

"Dada, jana ulikuwa na laptopu gani?"

"Ile ya zamani. Hii nimepewa asubuhi."

Ya zamani ilikuwa na pikseli 1366, haikuhitaji ukuzaji. Mpya ilikuwa na 1920, imewekwa 150%, na programu yake moja ya Java haikusikia habari hiyo. Mikono ilifanya kazi dakika mbili. Tulitafuta faili iitwayo javaw.exe, tukabofya kitufe cha kulia, "Properties", kisha "Compatibility", kisha "Change high DPI settings". Chini kabisa tukaweka tiki kwenye "Override high DPI scaling behavior" na kuchagua "System". Tukafunga programu, tukaifungua tena. Fomu ikarudi na ukungu kidogo, lakini inasomeka hadi tarakimu ya mwisho. Dada alisogea nyuma, akavua miwani, akaivaa tena. "Kumbe si macho," akasema.

Je, wajua kwamba hapo chini kuna chaguo tatu? "Application" inamaanisha programu ijitegemee. "System" inamaanisha Windows iivute kama picha. "System (Enhanced)" hujaribu kuchora maandishi upya, na kwa programu nyingi za ofisini za zamani hutoa herufi safi zaidi. Ikikataa, rudi kwenye "System".

Je, wajua kwamba Word na Excel za miaka ya karibuni zina swichi yao wenyewe? Ingia "File", "Options", "General", utaona chaguo mbili za matumizi ya skrini nyingi: moja ni ya mwonekano bora, nyingine ni ya upatanifu. Viongezo vya zamani vikionekana vimekatika, jaribu ile ya upatanifu, kisha uifunge programu na kuifungua upya.

LANGO NA UKUTA

Je, wajua kwamba kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni? Utaratibu wake ni mwepesi kueleza: anayetoka Kenya husimama mara moja tu, upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Anayetoka Uganda husimama upande wa Kenya. Kabla ya hapo ulikaguliwa ukitoka, ukakaguliwa tena ukiingia.

Je, wajua kwamba kabla ya kituo hicho, kile kipande cha barabara kati ya lango na lango ndicho kinachosimuliwa kuwa kilizaa boda boda? Miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli hapa Busia walibeba watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili. Neno likavuka na mizigo.

Je, wajua kwamba kipanya chako nacho kinaweza kugonga ukuta kati ya skrini mbili? Skrini yenye kimo cha pikseli 1080 ikikaa kando ya yenye 768, kuna pikseli 312 za ukingo zisizo na jirani. Mshale ukifika hapo unakwama. Fungua "Display settings" na utaona visanduku vilivyoandikwa 1 na 2. Vivute kwa kipanya vikae kama vilivyo mezani: kama ya pili iko kushoto, iwe kushoto, kama imeinuliwa juu ya vitabu, iinue. Windows 11 imeongeza tiki iitwayo "Ease cursor movement between displays", inayousaidia mshale kuvuka hata mahali penye ukuta.

Je, wajua kwamba hujui namba ipi ni ya skrini ipi hadi ubonyeze "Identify"? Tarakimu kubwa hutokea kwenye kila kioo. Wengi hubadilisha ukuzaji wa skrini ya 1 wakitazama ya 2, kisha wanashangaa mbona hakuna kinachotokea.

Je, wajua kwamba dirisha lililopotelea kwenye skrini iliyochomolewa hurudishwa bila kuzima mashine? Shika kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia: dirisha linaruka kutoka skrini hadi skrini.

Je, wajua kwamba Windows na P hufungua njia nne: laptopu peke yake, nakala, upanuzi, na skrini ya pili peke yake? Ukichagua nakala, skrini zote mbili hulazimika kukubaliana idadi moja ya pikseli, na kwa kawaida mojawapo hunyimwa haki yake. Wanaolalamika kwamba skrini ya pili inaiga ya kwanza na maandishi yana ukungu, wengi wako hapa. Wachague "Extend".

RUNINGA KWENYE MEZA YA OFISI

Je, wajua kwamba vitabu vya forodha duniani hutofautisha skrini ya kompyuta na runinga? Katika mfumo wa HS, zote ziko chini ya kichwa cha 8528. Skrini iliyoundwa kuunganishwa na kompyuta ni 8528.52, runinga ya rangi ni 8528.72. Wakala anayejua tofauti hiyo kwenye fomu huweza kuisahau kwenye meza yake mwenyewe.

Je, wajua kwa nini runinga hukata kingo za picha, hata sehemu ya chini yenye saa na vitufe isionekane? Ni urithi wa runinga za kioo kinene, ambazo zilificha kingo kwa sababu picha haikutulia pembeni. Kioo kinene kimekwenda, desturi imebaki. Usiiguse Windows. Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au hali ya PC. Jina hutegemea aliyeitengeneza.

Je, wajua kwamba runinga ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya 1920 kwa 1080? Kwa 200%, nafasi ya kazi inarudi kuwa ileile ya 1920, ila herufi zimechongwa vizuri zaidi. Na kebo ina kauli yake: HDMI 1.4 ya mwaka 2009 huipeleka 4K kwa picha 30 kwa sekunde, HDMI 2.0 ya 2013 kwa 60. Kipanya kikionekana kinakokota miguu kwenye 4K, angalia kebo na kilango chake.

RADI YA TORORO

Je, wajua kwamba Kitabu cha Rekodi cha Guinness kiliwahi kuitaja Tororo kwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976? Hizo ni siku mbili kati ya kila tatu. Skrini ya pili inaongeza waya wa pili wa umeme na kebo inayoziunganisha mashine mbili, kwa hiyo pigo likiingia kwa moja lina njia ya kuifikia ya pili. Wingu likijikusanya juu ya mwamba, chomoa zote mbili ukutani, na kebo ya kati pia.

Je, wajua kwamba nchi zote mbili hutumia volti 240, mzunguko wa hezi 50, na plagi ileile ya pini tatu bapa? Skrini iliyonunuliwa Sofia, upande wa Uganda, huwaka Kenya bila kigeuzi. Hata umeme wenyewe umezoea kuvuka: laini ya kutoka bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, hupitia Tororo kuelekea Kenya.

Je, wajua kwamba umeme ukipepesa, tatizo la ukuzaji linaweza kuzaliwa upya? Laptopu ina betri, skrini haina. Skrini inazima sekunde mbili, kompyuta inadhani imeondolewa, madirisha yote yanakimbilia laptopu na kubadilisha saizi, kisha yanarudi nusu nusu. Kwenye Windows 11 kuna tiki ya kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na skrini iliyochomekwa. Hakikisha ipo. Na kama una betri ya akiba, chomeka humo skrini ya pili pia.

HARAKA HARAKA

Je, wajua kwamba Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huiamsha upya programu endeshi ya picha bila kufunga kazi yako? Skrini inazima kidogo, inalia, inarudi.

Je, wajua kwamba baadhi ya programu hazisikii kiwango kipya hadi utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena? Kufunga kifuniko cha laptopu si kutoka.

Je, wajua kwamba kujiandikia tarakimu yako kwenye "Custom scaling", tuseme 137, huzilazimisha skrini zote zifuate kiwango kimoja? Ukiwa na skrini mbili tofauti, hilo ni kurudi mwaka 2012.

Je, wajua kwamba ClearType, inayolainisha kingo za herufi, hurekebishwa kwa kila skrini peke yake? Andika "ClearType" kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha chagua sampuli zinazopendeza macho yako.

Je, wajua kwamba kwa wasiotumia Windows, mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, wa Aprili 2020, ulileta swichi ya wazi ya ukuzaji wa 125% na 150% kwenye mipangilio yake?

 

Je, wajua mpangilio wa kufuata, ili usianze mwisho? Kwanza kebo na plagi. Pili, Windows na P: iwe "Extend". Tatu, idadi ya pikseli kwenye kila skrini: "Recommended". Nne, "Scale" ya kila skrini, ukipima kwa karatasi ya A4. Tano, toka kwenye akaunti uingie tena. Sita, programu iliyobaki imekaidi peke yake, ishughulikie peke yake.

Yule dada wa foleni ya malori aliniita tena kabla sijafika barabarani. Skrini ya kuazima ilikuwa inaonyesha ankara kubwa kuliko karatasi yenyewe, naye alikuwa ameshaegemeza A4 kwenye kioo bila kuambiwa. "Hii imezidi," akasema, akaishusha kutoka 125% hadi 100%, akapima tena. Ukingo wa karatasi na ukingo wa picha vikakaribiana, tofauti ya kidole kimoja. Nje, mbadilisha pesa alikuwa akimwambia dereva kiwango cha leo kabla hajapokea noti hata moja.